Kalamu Mkononi mwa Msikilizaji

Ukimwambia mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba kuna watu wanaotibiwa kiwewe cha vita kwa kuandika, la kwanza linalomjia ni daftari. Anamwona mtu amekaa peke yake mezani usiku, taa inawaka, mlango umefungwa, anaandika yaliyomkuta. Kisha anailinganisha picha hiyo na mtaa wa Kadutu, ambako nyumba zimebanana mlimani, chumba kimoja wanalala watu sita, na umeme ukikatika hakuna ajuaye utarudi lini. Anawakumbuka pia akina mama wanaoletwa hospitali ya Panzi kutoka Shabunda, Bunyakiri na Kalehe, ambao wengi wao hawakupata kukaa darasani. Hukumu yake inatoka haraka: hiyo ni dawa ya waliosoma, wenye nafasi na wenye mlango wa kufunga. Hukumu hiyo naiheshimu, maana imesimama juu ya mambo ya kweli. Ila imekosea jambo moja kubwa: inadhani kinachoponya ni mkono wa mgonjwa kugusa karatasi. Ushahidi uliokusanywa kwa karibu miaka arobaini, tena sehemu yake nzito ikitoka Uganda na Kivu yenyewe, unaelekeza kwingine. Mtu hupata nafuu pale tukio lililomvunja linapopangwa mahali pake katika maisha yake yote, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya msikilizaji asiyekimbia. Kalamu inaweza kushikwa na mwingine, na wakati mwingine kalamu isiwepo kabisa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kumbukumbu ya kawaida huja na wakati wake. Mtu akikumbuka arusi ya dada yake, anajua ilikuwa mwaka gani, kabla ya nani kuzaliwa, baada ya nani kufa, na anajua kwamba imekwisha. Kumbukumbu ya kitisho kikubwa haiji hivyo. Wakati wa hatari mwili hufanya kazi ya kukimbia au kuganda, na akili hukamata vipande: harufu ya moshi, kishindo cha viatu, rangi ya shati la aliyeingia, ladha ya damu mdomoni. Vipande hivyo hubaki vikali sana, lakini uzi wa kuvifunga pamoja, wa kusema kwanza ilikuwa hivi, kisha hivi, halafu ikaisha, haukusokotwa. Ndiyo maana tairi likipasuka pale Nyawera, mtu anaweza kujikuta ameshalala chini kabla hajafikiri. Hakumbuki ya zamani. Kwa mwili wake yanatokea sasa hivi. Wataalamu wa kiwewe husema kuna kumbukumbu za moto na kumbukumbu za baridi, na kwamba ugonjwa ni ule moto kubaki bila ubaridi wa tarehe na mahali. Mtu huota usiku, hushtuka mchana, hukwepa njia, nguo, watu na maneno, na kila anapokwepa anauzuia uzi usisokotwe. Madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina rasmi mwaka 1980, lakini watu waliujua tangu zamani, hata kama waliuita mawazo mengi au moyo usiotulia.

Bukavu ina sababu nyingi za kuujua. Mji ulishambuliwa Oktoba 1996, mwezi ule ule ambao hospitali ya Lemera ilivamiwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Ulitekwa tena Juni 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 wakauingia. Katikati ya miaka hiyo, vijiji vya jimbo zima vilipita mikononi mwa vikundi vingi kuliko mtu anavyoweza kuvihesabu. Mwaka 2010 watafiti waliuliza watu wazima karibu elfu moja wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, na nusu yao walionyesha dalili za kiwewe zinazotosha kuitwa ugonjwa. Dodoso la nyumba kwa nyumba si uchunguzi wa daktari, na lazima tulisome kwa tahadhari hiyo. Hata tukiipunguza hesabu hiyo nusu yake, bado tunazungumzia umati ambao hakuna idadi ya madaktari wa akili itakayouhudumia mmoja mmoja. Kwa hiyo swali la tiba gani inaweza kutolewa na mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri lina uzito mkubwa hapa kuliko mahali pengi duniani.

Historia ya kuandika kama dawa huanzia mara nyingi kwa James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1986 yeye na Sandra Beall walichapisha jaribio dogo: wanafunzi 46 wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika kwa kina juu ya mambo yaliyowaumiza walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika juu ya mambo ya kawaida. Habari hiyo ilienea duniani, na ndiyo iliyoleta picha ya daftari na meza. Lakini tafiti nyingi zilizofuata ziliipunguza. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti 146 za kuandika kwa namna hiyo ulikuta faida ipo, ila ni ndogo. Basi anayepewa daftari na kuambiwa akaandike nyumbani yaliyomfika hajapewa tiba. Amepewa kazi ya nyumbani, na ikiwa kiwewe chake ni kikali, anaweza kuachwa peke yake na moto usio na mtu wa kuuzima. Hapa nakubaliana kabisa na wenye shaka wa Bukavu.

Mambo hubadilika pale maandishi yanapowekewa utaratibu na msikilizaji. Huko Boston, Denise Sloan na Brian Marx walitengeneza tiba ya vikao vitano tu: mgonjwa anaelezwa ugonjwa wake, anaandika nusu saa juu ya tukio moja lile lile, na mtaalamu anasoma alichoandika na kumwelekeza kikao kinachofuata. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya kuilinganisha na tiba nyingine inayosifika, ya vikao 12, kwa watu 126. Nafuu ililingana. Tofauti ilikuwa kwa waliokata tamaa njiani: asilimia 6 hivi kwa walioandika, na karibu asilimia 40 kwa wale wengine. Kwa mji ambao nauli kutoka Bagira mpaka Ibanda inapigiwa hesabu, vikao vitano badala ya kumi na viwili ni habari kubwa. Hata hivyo tiba hiyo bado inadai mgonjwa ajue kuandika.

Tiba iliyolivuka dai hilo ilibuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwafikiria hasa watu wa kambi na wa nchi zenye vita. Ilikuwa na mtangulizi huko Chile, ambako wanasaikolojia waliowasaidia walioteswa na utawala wa Pinochet waliona kuwa ushuhuda ulioandikwa kikamilifu uliwapunguzia watu mateso. Utaratibu wake naweza kuueleza bila neno moja la kitaalamu. Kikao cha mwanzo, kamba inalazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa. Mgonjwa anaipitia kamba akiweka maua mahali palipokuwa na furaha na mawe mahali palipokuwa na msiba, makubwa kwa madogo, na kila ua na kila jiwe linapewa jina, mwaka na mahali. Hakuna anayeulizwa undani siku hiyo. Ni kupanga tu, ili maisha yote yaonekane kwa jicho moja: kumbe kabla ya jiwe lile kulikuwa na maua matatu, na baada yake lipo ua jingine. Ncha ya mwisho ya kamba haifunuliwi. Inaachwa imezungushwa, kwa sababu miaka hiyo haijaja.

Vikao vinavyofuata ni kusimulia tangu utotoni, kwa mfuatano. Msimulizi akifika kwenye ua, mshauri anamruhusu akae hapo. Akifika kwenye jiwe, mwendo unapunguzwa. Uliona nini? Ulisikia nini? Mwili wako ulifanya nini wakati ule, na unafanya nini sasa hivi ukiwa umekaa hapa na mimi? Swali hilo la mwisho ndilo kitovu cha tiba, maana linazishika nyakati mbili kwa mkono mmoja na kumwonyesha mtu kwamba ni mbili. Hawaachi katikati ya jiwe. Wanakaa mpaka hofu ipande, ifike kileleni na ishuke. Baina ya vikao mshauri anaandika alichosikia. Kikao kijacho anaanza kwa kumsomea mwenyewe, naye anasahihisha: hapana, kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, hakuwa nje. Kila sahihisho ni uzi unaosokotwa. Mwishoni maisha yote yanasomwa kuanzia mwanzo, yanatiwa sahihi, na mwenye maisha anapewa nakala. Hakuwahi kugusa kalamu mpaka hapo, na hata sahihi inaweza kuwa alama ya dole. Bado kitabu ni chake, kwa kuwa kila neno limetoka kinywani mwake na kupita tena masikioni mwake.

Je, inafaa? Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 lilifanyika kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya Imvepi, kwa wakimbizi 43 wa Sudan. Vikao vilikuwa vinne tu. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 ya waliosimulia hivyo walikuwa bado na ugonjwa. Kwa waliopewa ushauri wa kutiwa moyo ilikuwa asilimia 79, na kwa walioelimishwa tu juu ya ugonjwa, asilimia 80. Mwaka 2008 yakaja matokeo ya Nakivale, Uganda hiyo hiyo, ambako wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo, wasiokuwa madaktari. Miezi sita baadaye, saba katika kumi ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa. Sitaficha kwamba waliopewa ushauri wa namna nyingine walikaribia hapo, asilimia 65 hivi, wakati walioangaliwa tu bila tiba walikuwa asilimia 37. Tofauti kati ya zile tiba mbili ilikuwa kwa walioacha: wachache sana upande wa masimulizi, wengi zaidi upande wa pili. Na kuna utafiti wa Gorongosa, Msumbiji, wa mwaka 2004, ambako watu 206 wa kijijini walipimwa baada ya vita, wengine wakitoa ushuhuda na wengine wakisubiri. Pande zote mbili zilipata nafuu karibu sawa. Somo ninalolipata ni kwamba kutoa ushuhuda mara moja kwa mgeni si sawa na kujengewa simulizi kwa vikao, ukisomewa na kusahihisha. Wanaouza neno simulizi kama dawa ya kila kitu wanapaswa kulikumbuka jaribio hilo.

Kivu Kusini ina ushahidi wake, na una kona inayoipima hoja yangu. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kaskazini kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Tiba waliyopewa vikundi vya wanawake ilibuniwa Marekani na Patricia Resick, na huko kwao mgonjwa huandika sana: anaandika kwa nini anadhani tukio lilimpata, anajaza karatasi za kupima mawazo yake. Hapa karatasi hazikuwezekana. Wasaidizi wa vijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari, walirahisisha mazoezi ili yakaririwe kichwani na kufanywa nyumbani bila kalamu. Tena walitumia toleo lisilomtaka mtu asimulie tukio lenyewe. Walishughulika na mawazo yaliyoachwa nalo, kama lile la kusema nililaaniwa au mimi ndiye niliyekosa. Miezi sita baadaye, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye vikundi hivyo walionyesha dalili kali za huzuni au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, na kwa kiwewe hali ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo si lazima kila mtu aipitie kamba. Wapo ambao jiwe lao ni wazo la kujilaumu, na likiondolewa hilo, mengine yanapungua. Hata hivyo kiini hakijabadilika: maneno yanatolewa ndani, yanawekwa mahali pa kutazamwa, yanapimwa pamoja na mwenzako. Kuondoka kwa karatasi hakukuidhoofisha tiba.

Panzi wamekwenda mbali zaidi kwa njia inayonifurahisha. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa upasuaji, na Nobeli ya Amani ya mwaka 2018 iliongeza jina lake. Lakini ndani yake kuna wasaidizi ambao wagonjwa huwaita maman chérie, wanaokaa na mtu kabla na baada ya kisu, na tangu katikati ya muongo uliopita kuna pia studio ya muziki, iliyoanzishwa pamoja na shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter. Mwanamke hutunga wimbo wa yaliyomkuta akiwa na mshauri na fundi wa sauti, anauimba, unarekodiwa kama nyimbo nyingine zote za mji. Anaitwa msanii. Utafiti uliofanywa katika mpango huo huo huko Mulamba, Kivu Kusini, na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta dalili za kiwewe, huzuni na wasiwasi zimepungua, na nafuu ikadumu miezi baada ya kumaliza. Wimbo una mwanzo, kiitikio na mwisho. Mtu hawezi kuutunga bila kuamua kipi kinatangulia. Kwangu hilo ni kuandika, hata kama wino haukumwagika.

Sasa pingamizi zito kuliko yote: kwetu watu hawafukui, aliyekaa kimya anajilinda, na kumsemesha ni kumtonesha kidonda. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Desturi iliyoenea zamani ya kumkalisha mtu mara moja, siku chache baada ya balaa, na kumtaka atoe yote, ilichunguzwa na kuonekana haizuii ugonjwa, na pengine inaumiza. Lakini sikubali kwamba Kivu haina utamaduni wa kusimulia msiba. Angalia kilio. Kila anayeingia anauliza ilikuwaje, na wa familia anaeleza tangu homa ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Akija mwingine, anaeleza tena. Siku ya tatu simulizi imekwisha kupata umbo, na sauti ya msimulizi imetulia. Waliouawa porini na waliotoweka njiani hawakupata siku hizo. Ndugu zao hawakuulizwa ilikuwaje, au waliulizwa na watu waliokuwa wakikimbia pamoja nao. Ukimya wao tunauita desturi, kumbe mara nyingi ni desturi iliyokatizwa.

Wengine husema, na ni haki yao, kwamba hakuna baada ya kiwewe mahali ambapo silaha bado zinasikika. Utamwambiaje mtu wa Bukavu wa leo kwamba yamepita? Huwezi, na tiba nzuri haimwambii hivyo. Inamsaidia kutenganisha hatari ya leo na ile ya miaka iliyopita, ili ya leo aione ilivyo. Anayeishi na hofu zote mbili zimechanganyika hawezi kuchagua vizuri njia ya kupita wala saa ya kufunga duka. Vijiji vya utafiti wa 2013 havikuwa salama, na wanawake walipata nafuu. Kuhusu mkate, kwamba njaa itibiwe kwanza, jibu limetoka kaskazini mwa Uganda pia: utafiti wa mwaka 2011 kwa vijana 85 waliokuwa wametekwa na kufanywa askari wangali watoto ulilinganisha masimulizi na masomo ya ziada. Mwaka mmoja baadaye wanne katika watano wa waliosimulia walikuwa na nafuu ya kweli; kwa waliopewa masomo ilikuwa karibu nusu. Mtu asiyelala usiku hawezi kushika somo wala biashara. Vyote viwili vinahitajika, na hakuna sababu ya kimoja kukingoja kingine.

Pingamizi linalonisumbua mimi zaidi halisemwi sana. Wanawake wa Kivu wameshasimulia mno. Wamesimulia kwa waandishi wa habari, kwa wachunguzi, kwa mahakama, kwa wageni wenye kamera. Karatasi zenye maumivu yao zimejaa makabati ya mbali, na wao hawana hata moja. Simulizi inayochukuliwa ili imfae msikilizaji haimponyi msimulizi; inaweza kumchosha na kumfanya ajione ghala. Kwa hiyo karatasi ya tiba lazima iwe na mwenyewe mmoja, naye aamue kama ataibeba, ataiacha kwa mshauri ndani ya kabati lenye kufuli, au ataichoma. Katika mji ambao nyumba inaweza kupekuliwa na mume anaweza kufukuza mke kwa neno alilolisoma, uamuzi huo ni suala la usalama. Mshauri anayemsukuma mtu abebe nakala kwa sababu kitabu cha mafunzo kimesema hivyo, anakosea.

Na lipo la lugha, ambalo kwa Bukavu naliona ndilo litakaloamua kama tiba hii itafaa au itabaki jina. Faili za hospitali na za mashirika yetu huandikwa Kifaransa. Mama anasimulia kwa Mashi au kwa Kiswahili, msaidizi anaandika kwa Kifaransa, na siku ya kumsomea anarudisha kwa Kiswahili anachokiona kwenye karatasi. Mama alisema walinibeba. Kwenye karatasi pameandikwa enlèvement. Anaposomewa anasikia kutekwa nyara, maneno ya redioni, ambayo hayana mgongo wake wala kamba iliyomfunga mikono. Hawezi kulisahihisha neno hilo kwa kuwa si lake, na kusahihisha ndiyo tiba. Msaidizi anayeandika walinibeba, kwa herufi hizo hizo na kwa tahajia yoyote aijuayo, anamrudishia mama sentensi ambayo anaweza kuikatiza na kusema: hapana, hawakunibeba mara moja, kwanza walinitembeza mpaka mtoni.